Altrasaundi kabla ya kupasuliwa ngiri: uzoefu wangu

Tarehe ya upasuaji nilikuwa nimeshapewa. Uvimbe ulikuwa upande wa kulia, juu kidogo ya kinena, mgumu kama mbegu ya parachichi. Hospitali niliyoanzia, daktari aliubonyeza mara mbili nikiwa nimesimama, akaandika ngiri. Sikuuliza kitu. Mama yangu alishapasuliwa ngiri, nikajua ni ya ukoo.

Dada ndiye aliyenishikilia nipime altrasaundi kwanza, akanileta kituo hiki. Mpimaji hakukimbilia jeli, alianza na maswali. Uvimbe unarudi ndani ukilala? Haurudi. Unatokeza zaidi ukikohoa au ukibeba ndoo? Hapana. Umeanza lini? Miezi minane baada ya kumzaa mwanangu wa pili, kwa upasuaji. Akanilaza. "Mama, kohoa kwa nguvu," macho yake kwenye skrini. Akanisimamisha, jeli ikatiririka mpaka kwenye kanga, nikakohoa tena. Kisha akanigeuzia skrini: msuli wa tumbo unacheza, lile dude limetulia palepale ndani ya msuli. Utumbo haumo, tundu hakuna.

"Hii si ngiri. Usikubali kukatwa kabla hawajajua ni nini."

Nikapelekwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, halafu wakachukua kinyama kwa sindano. Jibu likaja: desmoidi, uvimbe unaoota kwenye tishu zinazoshikilia misuli. Nililia, nikidhani ndiyo basi. Kumbe desmoidi haisambai kwenda viungo vingine kama saratani, ila inapoota hung'ang'ania, hupenya misuli, na huweza kurudi hata baada ya kuondolewa. Ile ya ukuta wa tumbo huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, wakati mwingine baada ya ujauzito au penye kovu la upasuaji. Madaktari siku hizi mara nyingi huanza kwa kuifuatilia tu, kwa kuwa nyingine husimama kukua, nyingine hunywea zenyewe. Yangu kipimo cha mwisho haikuwa imeongezeka. Ningepasuliwa kwa jina la ngiri, wangekutana nayo mezani bila maandalizi yoyote.

Huduma naipa nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu ya foleni: nilifika saa mbili asubuhi, nikaingia saa saba, na pazia la chumba cha kupimia halifungi vizuri, jambo linalomnyima mwanamke raha akiwa amefunua tumbo. Nendeni mapema, mchukue na kanga ya pili. Na kama hukuambiwa usimame na kukohoa, omba mwenyewe.