Akaunti imerudi, lakini tupu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Akaunti ile ya gemu la simu nimeijenga miaka minne.

Wiki kadhaa zilizopita niliamka nikashika simu nicheze raundi moja kabla ya kazi. Naambiwa neno la siri si sahihi. Kufungua barua pepe, nakuta ujumbe wa saa tisa usiku: anwani ya akaunti yako imebadilishwa. Imeshabadilishwa! Hakuna aliyeniuliza kwanza kwenye anwani ile ya zamani kama ni mimi. Hapo ndipo penye kidonda changu chote. Mgeni anaingia usiku, anahamisha mali, na mwenye mali anatumiwa habari kama ya msiba.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: ili kuthibitisha kuwa akaunti ni yako, tumetuma namba kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Lakini iliyosajiliwa sasa ni ya mwizi! Nikaeleza, nikatuma risiti zote za manunuzi tangu ya kwanza kabisa. Mhudumu yule yule akarudi na sentensi moja: inaonekana ulimpa mtu neno lako la siri. Sikumpa mtu. Hata mke wangu halijui. Kuitwa mzembe na mtu ambaye risiti zangu hakuzifungua kuliniuma kuliko wizi wenyewe.

Ukweli niuseme: neno lile nililitumia pia kwenye tovuti nyingine ya zamani. Wezi wakipata maneno ya siri mahali pamoja huyajaribu kila mahali, tena kwa programu, si kwa mkono. Mwaka 2011 mtandao wa PlayStation ulipodukuliwa, akaunti zipatazo milioni 77 ziliguswa na huduma ikazimwa zaidi ya wiki tatu. Wacheza gemu tulionywa mapema, nami sikubadilika. Kosa hilo nalibeba. Ila kufuli la pili, zile namba za kwenye simu zinazobadilika kila sekunde 30, kwa nini wamelificha ndani kabisa ya mipangilio, ilhali kitufe cha kununua almasi, pesa za ndani ya gemu, kiko katikati ya kioo? Nimelipata juzi, baada ya kuibiwa, na kuliwasha hakukuchukua hata dakika tano.

Baadaye akanishika mhudumu mwingine. Huyo alisoma. Akaniuliza nilianza kucheza kwa simu gani, akalinganisha na risiti, na saa moja haikuisha akaunti ikarudi. Mungu ambariki. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne kwa ajili yake.

Nikaingia. Almasi hakuna. Mavazi ya mashindano niliyokesha nikiyatafuta, pamoja na kofia yangu nyekundu, hakuna. Mwizi ameyatuma kama zawadi kwenye akaunti nyingine. Nikauliza, nikajibiwa kuwa zawadi hazirejeshwi. Jamani! Akaunti iliyopokea wanaiona, saa wanaijua, mtumaji wameshakubali kuwa alikuwa mwizi. Hiyo ni zawadi ya nani?

Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mhudumu wa pili. Gemu lenyewe ni zuri, sijapata lingine linalokwenda laini hivi kwenye simu yangu kwa bando dogo, na kikosi changu kinanisubiri saa mbili usiku. Nitaingia kucheza. Shilingi yangu hawaipati tena mpaka wairudishe ile kofia nyekundu.