Unajifunza kuchomelea kwa waya wa flaksi na hela ni ndogo? Mashine za kuchukua na za kuacha dukani

Kama unataka kujifunza weldingi kwa waya wa flaksi, yaani ile MIG (mashine inayosukuma waya yenyewe) ya bila mtungi wa gesi, usianze kuangalia namba kubwa iliyopakwa ubavuni mwa mashine. Angalia mambo mawili. Moja, mashine inatoa DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) na unaweza kuhamisha plasi na mainasi mwenyewe, au tayari imefungwa kwa ajili ya flaksi. Pili, rola ya waya ikiisha utapata nyingine huko unakoishi bila kumtuma mtu Kariakoo. Mashine ikifeli hapo, hata kama rangi yake inang'aa na imekuja na brashi na nyundo ya bure, achana nayo.

Kwa nini nakazania plasi na mainasi? Waya wa flaksi ndani una poda, poda ikiungua inatoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiingiwe na hewa, ndo maana hauhitaji gesi. Sasa waya huo unataka bunduki (ule mpini unaotoa waya) ikae mainasi na klampu ya athi, ile inayobana chuma unachochomelea, ikae plasi. Waya mtupu wa kutumia na gesi, ule ER70S-6, ni kinyume chake. Ukichomelea flaksi huku bunduki iko plasi utaona cheche zinaruka kila kona, mshono unakaa juu juu hauzami, ukiugonga unakuta matundu, halafu mtu anasema mkono wake ndo mbaya au mashine feki kumbe ni kale kawaya kafupi ka kubadilishia plasi na mainasi kamechomekwa tundu siyo lake. Kwa hiyo dukani uliza "plasi na mainasi nabadilishia wapi?" Muuzaji akishindwa kukuonyesha, fungua mlango wa pembeni uangalie mwenyewe.

Haya, twende kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza: inveta ya 3 kwa 1

Inveta ni mashine nyepesi ya kielektroniki, siyo ile nzito ya transfoma. Hii inachomelea waya wa flaksi, waya wa gesi na vijiti vya kawaida. Kwa anayeanza ndo naiweka juu, na sababu kubwa ni vile vijiti. Waya wa flaksi siyo kila hadweya unao. Ukiwa Dar ukizunguka Kariakoo na Gerezani utaupata, Nairobi nako hivyo hivyo, ila ukiwa wilayani huko kinachouzwa ni vijiti vya E6013, geji 12 na geji 10 (namba ya geji ikipanda unene unapungua), basi. Mashine ya 3 kwa 1 haikai bure waya ukiisha, unachomeka klampu ya vijiti kazi inaendelea, na siku ukipata hela ya mtungi wa gesi hununui mashine nyingine.

Kwenye kundi hili chukua inayoweza kutoa ampea 140 hadi 160 za kweli. Kwa skwea paipu ya geji 16, engo laini za geti, meza, vitanda, hizo zinatosha na zinabaki. Uliza bunduki yake ni ya kuchomoa au imefungwa moja kwa moja ndani ya mashine, ya kuchomoa ni bora, na ikiwa aina ya 15AK bora zaidi maana tipu (kipua cha shaba waya unapotokea) na vikombe vyake vinapatikana kirahisi. Fungua mlango uangalie pia rola ya kusukuma waya. Waya wa flaksi ni mrija mwembamba, unataka rola yenye meno madogo madogo, ile laini yenye mfereji wa V ni ya waya mgumu. Inaweza kufanya kazi ila utaanza kukaza sana, ukikaza sana mrija unabonyea, poda inamwagika ndani, waya unakwama.

Kukaza kwenyewe kunapimwa hivi: shika bunduki karibu na kipande cha mbao, kama vidole viwili vitatu, bonyeza trigaa waya ugonge mbao. Ukijikunja na kuendelea kutoka, sawa. Ukisimama na rola inateleza, kaza kidogo. Fanya hivyo dukani hapo hapo, akikataa kukuwashia mashine we nenda duka la jirani.

Ya pili: inveta ya vijiti tu

Najua unataka waya. Ila kama hela haifiki, usinunue MIG mbovu eti ili uwe na MIG. Inveta ya vijiti ya ampea 120 hadi 160 ni ndogo, unaibeba begani, bei yake iko chini sana ya 3 kwa 1, na brandi kama INGCO na TOTAL zimeenea Afrika Mashariki kiasi kwamba spea na mafundi wa kuzifungua wapo. Utajifunza kushika umbali, kusoma dimbwi la chuma kilichoyeyuka, kwenda kwa mwendo mmoja, na vyote hivyo vinahamia kwenye waya. Shida yake ni chuma chembamba. Kijiti cha geji 12 kwenye skwea paipu ya geji 18 kinatoboa mpaka ukate tamaa, hapo ndo waya wa milimita 0.8 unapowazidi ujanja vijiti, japo hata wenyewe ukikaa sehemu moja unatoboa, kwa hiyo unapiga nukta, unaacha inapoa, unapiga nyingine. Mabati ya nyumba usijaribu kwa chochote kati ya hivi.

Ya tatu: ile ndogo ya flaksi peke yake

Siyo mbaya. Ikiwa ni DC na bunduki imefungwa mainasi kutoka kiwandani huna hata cha kukosea, unaweka rola ya kilo moja unaanza. Nimeiweka chini kwa sababu ile ile, waya ukikosekana inageuka pambo. Nyingine mlango wake ni mdogo, inabeba rola ya kilo moja tu, na kilo moja moja bei yake ni kali kuliko kununua rola ya kilo tano. Kama uko mjini na waya unaupata bila shida, ipandishe iwe ya pili, sitabishana na wewe.

Ya nne: MIG za AC na mitumba ya makontena

Kuna vimashine vizito vya transfoma, vingi vimeandikwa 130, swichi mbili tatu za moto na kitufe kimoja cha spidi. Vingi vyake vinatoa AC (umeme unaogeuza upande kila mara) na hakuna pa kuhamisha plasi na mainasi. Vinachomelea ndiyo, ila vinarusha cheche sana na anayeanza hajui kama kosa ni lake au la mashine, na hapo ndo watu wengi wanaachia njiani.

Ndugu walioko Marekani wakitaka kukutumia moja kwenye kontena waambie waangalie kibandiko kwanza. Kule kuna mashine nzuri sana za bei ndogo za flaksi lakini nyingi ni za volti 120, huku kwetu tuko 230 mpaka 240, ukichomeka moja kwa moja umeiua. Zipo zinazokubali zote mbili, hizo sawa.

Zile transfoma za kienyeji zenye koili iko wazi kwenye fremu ya chuma au mbao sizipangi kabisa. Mafundi wa mageti wanazipiga kazi miaka na miaka, heshima kwao, ila hazisukumi waya, zinakula umeme, na nyumbani penye watoto hapana.

Ampea za uongo

Hapa ndo wengi wanapigwa. Mashine imeandikwa 250 au 300 kwa maandishi makubwa, bei ya kutupa, imefungwa plagi ya kawaida ya ampea 13. Piga hesabu: 13 mara volti 230 ni kama wati 2,990, haifiki hata kilowati 3. MIG ikitoa ampea 200 kwa kawaida inakuwa kwenye volti kama 24, hiyo ni wati 4,800 zinazotoka, bado hujahesabu zinazopotea ndani. Plagi ile haiwezi. Kwa hiyo hiyo 300 ni rangi tu.

Soma kibandiko cha nyuma, tafuta mstari wenye X na asilimia. X 60% na chini yake 140 maana yake ndani ya dakika 10 unachomelea 6 kwa ampea 140, 4 inapumua. Ukikuta 20% ujue ni dakika 2. Kwa kujifunza hata 30% inavumilika maana muda mwingi utakuwa unakata, unapanga na kusaga. Kibandiko kisichokuwa na mstari huo kabisa, mimi naondoka.

Na umeme wa nyumbani nao uandae. Soketi yake pekee, waya wa milimita 4 kutoka kwenye breka, fundi umeme afunge. Ekstensheni nyembamba ndefu inapoteza volti njiani, waya unatoka lakini moto hauna nguvu, unasikia unadunda dunda kwenye chuma.

Waya wenyewe

Chukua milimita 0.8. Kwenye boksi utafute E71T-GS au E71T-11. GS ni ya kupita mara moja tu, chuma chembamba, kwa kujifunzia poa. 11 unaweza kupitisha mshono juu ya mshono. Sasa angalia vizuri: kuna E71T-1, namba moja imepungua tu, huo unahitaji gesi. Wauzaji wanauchanganya na ukiupiga bila gesi utapata matundu matupu. Ukiwa Pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, usiache rola ndani ya mashine wiki nzima, unyevu unauotesha kutu. Itoe, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Wakati wa kuchomelea vuta bunduki, usiisukume, waya uchomoze milimita 12 hadi 18 kutoka kwenye tipu. Tipu za ziada nunua kumi siku hiyo hiyo.

Usimalize hela yote kwenye mashine

Tenga sehemu ya hela kwa helmeti ya kujibadilisha yenyewe yenye kivuli (kiwango cha giza cha kioo) cha 10 hadi 11, glavu za ngozi, grenda na brashi ya waya. Miwani ya jua unayoona mafundi wanavaa haizuii kitu cha maana, macho yanaanza kuuma usiku, kama yamemwagiwa mchanga, na huko asubuhi ni mbali.

Flaksi inatoa moshi mwingi kuliko vijiti vingi, fanyia kazi nje au mlango wazi na upepo upite. Faida yake ni kwamba upepo kidogo hauiharibu, tofauti na gesi. Bomba lenye zinki saga zinki yote itoke kwanza, moshi wake unaleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na yale maziwa ambayo kila fundi atakuambia unywe hayazuii wala hayatibu.