Picha Tofauti kwenye Skrini Tatu za Jukwaa la Shule: Ununue Nini?

Kabla ya kutoa hela, muulize mwongozaji wa mchezo swali moja: skrini zote zinaonyesha picha ileile, au kila moja ina yake? Kama ni ileile, nunua kigawanyio cha HDMI na kazi imekwisha. Kigawanyio hicho hakitenganishi picha hata ukikibembeleza. Ikitakiwa ikulu katikati, msitu kushoto na bahari kulia, chaguo ziko kama ifuatavyo, kuanzia ninaloliamini zaidi.

La kwanza ni kompyuta moja yenye matundu manne ya kutolea picha, pamoja na programu ya kuendeshea maonyesho. Manne, kwa sababu mwendeshaji naye anahitaji skrini yake. Kwenye Mac chukua QLab: unabonyeza mara moja, picha zote tatu zinageuka pamoja na sauti ya radi juu yake. Leseni yake hukodishwa hata kwa siku, na hilo linaifaa sana shule inayoigiza mara moja kwa mwaka. Mwenye Windows aangalie Isadora, ambayo hufanya kazi kwenye Mac pia. Resolume nayo ni nzuri, ila hakikisha ni toleo la Arena. Toleo la Avenue halina uwezo wa kupanga picha kwenye skrini zenye maumbo na pembe tofauti.

Hapa kuna mtego: MacBook Air ya chipu ya M1 au M2 hukubali skrini moja tu ya nje. Hesabu ya matundu ubavuni haitoshi. Soma maelezo ya kiwanda kuhusu idadi ya skrini.

La pili litawashangaza wauzaji: projekta moja yenye mwanga mkali, inayofunika skrini zote tatu kwa mpigo. Unatengeneza picha moja pana, unaacha weusi kwenye mapengo, na PowerPoint inatosha. Ubaya wake ni kwamba nukta (pikseli) 1920 za upana zinagawanywa kwa skrini tatu, na weusi wa projekta si weusi kamili, hivyo pazia la nyuma litakuwa na ukungu wa kijivu. Kwa jukwaa dogo, ningeanzia hapa.

La tatu ni kisanduku cha kupasua picha, mfano TripleHead2Go ya Matrox. Kompyuta hudhani ina skrini moja ya nukta 5760 kwa 1080, nacho hupeleka theluthi kwa kila projekta. Slaidi zako zipange kwa uwiano wa 16 kwa 3.

Kompyuta mpakato tatu na wanafunzi watatu? Inawezekana, na kama vifaa vipo hakuna gharama. Picha mnato zinazobadilika mara chache zitapita. Video zinazotakiwa kwenda sambamba, hapana.

Mwisho kabisa ni adapta za USB na vifaa visivyo na waya. Adapta nyingi za USB huibana picha kwa nguvu ya prosesa, basi video huanza kukwama. Visivyo na waya huchelewesha picha, na ukumbi ukijaa simu mambo huharibika zaidi. Mimi sinunui.

Sasa projekta zenyewe, maana hapa ndipo hela nyingi huenda. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, mwanga kwa kila eneo hubaki robo, na taa za jukwaa zitaumeza uliobaki. Tazama lumeni za ANSI, yaani kipimo sanifu cha mwanga wa projekta, usidanganywe na namba kubwa za matangazo. Ili vivuli vya waigizaji visiangukie picha, tafuta lenzi ya masafa mafupi: yenye uwiano wa umbali kwa upana wa 0.5 hutoa picha ya upana wa mita 3 ikiwa mita 1.5 tu kutoka skrini. Nunua za modeli moja, la sivyo bluu ya kushoto itakuwa zambarau kulia.

Kebo ya kawaida ya HDMI haiaminiki ikivuka mita 15 hivi. Huko tumia virefushi vya kupitisha HDMI kwenye kebo ya mtandao ya Cat6. Na projekta za modeli moja zote hutii rimoti moja, kwa hiyo zipe namba tofauti kwenye menyu mapema, kama zina nafasi hiyo, au ziba vipokezi vya rimoti vya projekta mbili unaporekebisha ya tatu.