Tomcat siku thredi zote zinaposhikwa: uzoefu wangu, Kigoma

Huu ni mwaka wa tatu naendesha mfumo wa tiketi za basi hapa Kigoma kwa Tomcat, programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti na kuendesha programu za Java. Mawakala wa stendi ya Masanga, Mwanga na Ujiji wanaingia kwa simu, wanachagua siti, abiria analipa kwa simu, tiketi inatoka. Siku za kawaida sina la kulalamika. Seva ya kukodi yenye RAM ya GB 2 inatosha, na Tomcat yenyewe inakaa miezi bila kuguswa.

Ilikuwa Desemba, wiki ile watu wanasafiri kwenda kula sikukuu makwao. Saa moja jioni akanipigia mama mmoja, wakala wa Masanga: "Mwanangu, kinazunguka tu, na nina watu kumi na wawili wamenisimamia hapa." Hakuna ujumbe wa kosa wala chochote, kinazunguka tu. Nikaingia kwenye seva nikitarajia kukuta prosesa imelemewa, nikaikuta imelala, na RAM ipo. Nikaorodhesha kwa amri ya jstack hali ya thredi, yaani wale wafanyakazi wa ndani ya seva ambao kila mmoja hushika ombi moja kwa wakati. Zote 200, kuanzia exec-1 hadi exec-200, zilikuwa zimeganda mstari uleule wa programu yangu: zinangoja jibu la huduma ya malipo. Huduma hiyo ilikuwa nzito jioni ile, nami sikuwa nimeweka kikomo cha kungoja.

Aliyewahi kushinda Kibirizi boti za dagaa zikishusha ataelewa upesi. Makuli wapo wote, lakini kila mmoja amesimama na gunia kichwani mbele ya ghala lililofungwa, mwenye ufunguo hajafika. Boti nyingine ikiingia haina wa kuipokea, ingawa ufukwe mzima hakuna anayetokwa jasho.

Piga hesabu. Ombi likichukua sekunde 0.2, thredi 200 zinamaliza maombi 1,000 kwa sekunde. Ombi hilohilo likichukua sekunde 30, hayafiki 7.

Sasa kinachowapata wanaokuja baadaye, na hapa ndipo nataka mwenye mfumo mdogo kama wangu asome taratibu. Tomcat haimkatai mtu mapema. Toleo la 10 ninalotumia lina thredi 200 lisipobadilishwa, lakini linapokea miunganisho hadi 8,192. Maana yake simu ya wakala inaambiwa "umeingia" wakati hakuna thredi ya kumhudumia. Ombi lake limewekwa foleni ndani. Hiyo 8,192 ikijaa, wanaofuata wanapangwa na mfumo endeshi kwenye foleni nyingine ya watu 100, ile inayoitwa acceptCount. Nayo ikijaa, Linux kwa kawaida haijibu kitu: inaitupa kimyakimya pakiti ya kuomba kuunganishwa, na simu inajaribu tena baada ya sekunde 1, halafu 2, halafu 4. Kwa mtu aliye stendi, hatua zote hizi zina sura moja tu, kile kiduara kinachozunguka.

Kibaya zaidi, mawakala walipochoka wakafungua ukurasa upya. Ombi la kwanza halikufutika, lilibaki foleni. Kwa hiyo hata malipo yalipofunguka, seva ilitumia muda mrefu kuwajibu watu waliokwisha kuondoka.

Usiku ule nilipandisha thredi hadi 800. Haikusaidia, na nasema wazi ili mwingine asipoteze usiku wake. Thredi zilizoongezeka zilikwenda kusimama mbele ya ghala lilelile, na hata zile zilizopita zilikuta HikariCP, kile kigawa miunganisho ya hifadhidata, kinatoa 10 tu. Nilikuwa nimehamisha foleni kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Kilichosaidia ni mambo matatu. Niliweka kikomo cha sekunde 3 kuunganisha na sekunde 10 kungoja jibu la malipo. Nikatenga thredi zisizozidi 40 kwa kazi ya malipo, wa 41 anaambiwa papo hapo kwamba malipo yamejaa, ajaribu baada ya dakika moja. Kisha nikashusha maxConnections, yaani ile 8,192, hadi 600 na kurudisha thredi kwenye 200. Amri ya ss -lnt nikaiweka karibu: safu ya Recv-Q, yaani idadi ya wanaongoja kupokelewa, ikianza kupanda kwenye mlango wa seva, najua foleni imefika nje.

Tomcat naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu ya hiyo 8,192, kubwa mno kwa seva ya GB 2, na mgeni hana dalili yoyote ya kumwonya. Nne naipa kwa moyo mmoja: kila kizuizi kina jina lake kwenye faili moja la server.xml, na nilipovipanga upya imevitii bila kubabaisha.

Pasaka malipo yalikwama tena. Mama wa Masanga safari hii hakupiga simu, alituma ujumbe: "Imesema malipo yamejaa. Siti naziona, nimewashikia watu wangu, watalipa yakifunguka."