Weblate na Sphinx kwa mwongozo wa lugha tatu: uzoefu wangu Chake Chake

Programu yetu ni ndogo: inaweka kumbukumbu za maktaba za skuli na madrasa hapa Pemba, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Zamani mwongozo ulikuwa faili tatu, Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kila moja na mwenyewe, zikitumwa kwa simu. Mwalimu mmoja wa Wete alifuata ukurasa wa Kiarabu uliopitwa na wakati, akafuta orodha nzima ya wanafunzi wake. Kitufe kilichotajwa humo tulishakibadilisha kwenye programu, ila katika mwongozo tulirekebisha Kiswahili tu. Sauti yake siku ile bado ninayo masikioni.

Ndipo tukahamia Sphinx, programu ya kujenga mwongozo kutokana na maandishi, iliyotoka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya programu ya Python, tukaiunganisha na Weblate, programu ya kutafsiria kwa pamoja kupitia mtandao. Asili sasa ni moja, na tumeiandika kwa Kiswahili. Sphinx inaikata aya kwa aya na kuziweka kwenye faili za PO, ambamo kila aya ya asili inakaa pamoja na tafsiri yake. Weblate inazisoma kutoka hazina yetu ya Git, inayotunza faili na mabadiliko yake yote, na kumfungulia mtafsiri kwenye kivinjari.

Kilichonikonga moyo ni hiki: tukigusa aya ya asili, tafsiri yake inapigwa alama kwamba inahitaji kuhaririwa. Mwongozo ukijengwa upya, Sphinx haichukui tafsiri yenye alama hiyo, inatia aya ya Kiswahili mahali pake. Ukurasa wa Kiarabu unatoka na kiraka cha Kiswahili katikati. Wenzangu wengine waliona aibu. Mimi nasema kiache: msomaji akikuta kiraka atauliza, lakini akikuta maelekezo ya zamani yaliyonyooka atayafuata.

Faida nyingine sikuitarajia. Ustadhi anayetafsiri Kiarabu aliacha swali chini ya aya moja: "kuazima" hapa ni a'ara au ista'ara, anayetoa kitabu au anayekipokea? Sisi tulikuwa tukilitumia neno moja kwa wote wawili. Tukarekebisha asili, kuazima kwa anayepokea na kuazimisha kwa anayetoa, na maneno hayo tukayatia kwenye faharasa ya Weblate ili kila mtafsiri ayaone anapofanya kazi. Kiswahili chenyewe kilinufaika.

Kwa siku za umeme kukatika, mtu anaishusha faili ya PO mapema, anaitafsiri kwa Poedit, programu ya kuhariri faili hizo, kwenye kompyuta ndogo na kuipandisha baadaye. Msimu wa karafuu, watu wakiwa mashambani, hilo hutuokoa sana.

Weblate ni programu huria, tumeiweka kwenye seva yetu bila ya kulipia leseni, lakini awepo mtu anayeijua Linux, mfumo unaoendesha seva. Mtafsiri mpya afundishwe kutogusa alama za viungo vya kwenda kurasa nyingine, kwani ukifuta moja kiungo kinakufa. Na picha za skrini hazimo katika faili za PO: kila lugha inataka picha zake. Za Kiarabu hatujazimaliza, tunazipiga moja moja kila Ijumaa jioni.