Pete ya uchumba Dodoma: jiwe lipi ununue, na utajuaje kama kweli ni almasi

Ukiingia kwa sonara ukaulizia pete yenye jiwe jeupe, unaweza kuwekewa mbele yako mawe sita yanayofanana kabisa, bei zake zimeachana kama mbingu na ardhi. Yote yanameta, maana taa za dukani zimefungwa kwa kazi hiyo. Kuna almasi ya mgodini, almasi ya maabara (iliyotengenezwa na watu), moisanaiti (jiwe lingine la kiwandani linalofanana na almasi), safaya nyeupe, zirkonia (nayo ya kutengenezwa, ile wauzaji huiita CZ) na kioo. Sioni ubaya wa jiwe lolote kati ya hayo mpaka pale linapouzwa kwa jina la jirani yake.

Kwanza tuyaondoe majaribio ya mtaani. Kuna lile la kulipulizia jiwe pumzi: ukungu ukitoweka haraka, eti ni almasi. Lina mantiki, kwa sababu almasi hupitisha joto upesi sana na ukungu haukai juu yake. Ila Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu mno. Pulizia kipande cha chupa kando ya pete uone kama ukungu wake nao utakaa. Kuzamisha jiwe kwenye glasi ya maji ni kupoteza muda, kioo nacho huzama. Kukwangua kioo cha dirisha hakusaidii, kwani hata kwatzi ya kawaida, lile jiwe jeupe linalookotwa hovyo milimani, inakwangua kioo. Tena almasi ni ngumu lakini si kwamba haimeguki, kwa hiyo unaweza kuharibu pete nzuri ukiwa unaithibitisha.

Kipima almasi, kile kidude cha mkononi chenye ncha nyembamba kinachowasha taa na kulia, ni bora zaidi, ila kina mtego wake. Vingi hupima joto tu, na moisanaiti hupitisha joto vizuri, kwa hiyo kitalia "almasi" bila aibu. Muuzaji anayekwambia "bosi, pima mwenyewe" anaweza kuwa anajua hilo vizuri kuliko wewe. Muulize kama kipima chake kinapima na umeme, maana moisanaiti nyingi hupitisha umeme kidogo na almasi nyeupe kwa kawaida haipitishi. Hakikisha ncha inagusa jiwe, si dhahabu, na jiwe lisiwe limetoka kukaa juani dirishani.

Mimi naiamini zaidi lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10. Omba akuazime, sonara asiyetaka kukuazima lenzi muage kwa heshima. Isogeze lenzi karibu na jicho, kisha uilete pete mpaka jiwe lionekane vizuri. Usilitazame wima kutoka juu. Liinamishe kidogo, upeleke jicho kupitia ubapa wa juu hadi kwenye mistari ya makato ya upande wa chini. Kwenye moisanaiti mistari hiyo itaonekana miwilimiwili, imekaribiana sana. Kwenye almasi kila mstari ni mmoja. Ukishauona mara moja hutausahau. Zirkonia nayo huonesha mstari mmoja, lakini kingo za makato yake mara nyingi ni butu na ndani ni safi kupita kiasi, ilhali almasi nyingi za asili zina kidoa, kinyuzi au kiwingu mahali fulani. Halafu itoe pete nje ya mlango, mbali na zile taa. Jiwe linalomwaga rangi za upinde wa mvua kila upande liwekee shaka, kwa sababu moisanaiti hutawanya rangi zaidi ya mara mbili ya almasi.

Jiwe likiwa bado halijafungwa kwenye pete, mizani inatosha kuibaini zirkonia. Almasi ya mviringo yenye upana wa milimita 6.5 ina karati moja hivi, yaani gramu 0.2. Zirkonia ya ukubwa huohuo inakaribia karati 1.7.

Sasa mpangilio wangu, nikimfikiria mtu wa mshahara wa kawaida anayetaka pete ya kuvaa kila siku, akifua na kupika nayo.

Ya kwanza ni moisanaiti, ilimradi iuzwe kama moisanaiti. Ugumu wake ni 9.25 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Hilo lina maana kubwa katika mji huu wenye vumbi, kwa sababu vumbi hubeba chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, na kila unapofuta jiwe laini kwa kitambaa unalisugua kwa mchanga. Henri Moissan aliyagundua madini haya mwaka 1893 kwenye sampuli za kimondo kutoka Arizona, lakini ya dukani hutengenezwa viwandani. Bei yake iko mbali sana chini ya almasi ya mgodini. Ukitajiwa bei zinazokaribiana, ondoka.

Ya pili, almasi ya maabara. Hii ni almasi kweli, kaboni ileile, ugumu uleule. Kipima hakiitofautishi na ya mgodini, na lenzi haitoshi; kazi hiyo ni ya mashine za maabara. Kwa hiyo unanunua karatasi sawa na unavyonunua jiwe: cheti cha maabara inayotambulika kama GIA au IGI, ambacho namba yake, mara nyingi, huchongwa kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, yaani ukingo wake mwembamba unaolizunguka. Isome kwa lenzi, kisha uihakiki kwenye tovuti yao ukiwa bado dukani. Usiinunue kama akiba, kwani bei zake zimeshuka sana miaka ya karibuni.

Almasi ya mgodini naiweka ya tatu kwa sababu ya mfuko tu. Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ndiko lilikotoka jiwe la waridi la karati 54.5 mwaka 1947, akapewa Elizabeth wa Uingereza. Fahari hiyo haimaanishi kwamba jiwe ghafi la mfukoni mwa mtu stendi limetoka huko. Kununua madini ghafi bila leseni ni kosa kisheria, hata kama ni almasi kweli. Ofisi za Tume ya Madini na za Taasisi ya Jiolojia, GST, ziko hapahapa Dodoma; kaulize kabla hujatoa hela.

Safaya nyeupe ni ngumu, 9, ila mng'ao wake ni wa upole na ikishika mafuta ya mikono hufifia haraka. Zirkonia inafaa kwa siku ya sherehe, halafu kingo huchakaa. Kioo waachie watoto.

Risiti ya EFD iandikwe jina la jiwe, karati na kiwango cha dhahabu, ambacho kinapaswa kulingana na muhuri ulio ndani ya pete: 750 ni karati 18 (karati ya dhahabu ni usafi, si uzito kama ya jiwe), 375 ni karati 9, na 925 ni fedha. "Pete moja" peke yake haitoshi. Ukirudi kuipunguza au kuipanua, mwambie fundi ni jiwe gani kabla hajawasha moto, kwani zirkonia huweza kupasuka kwa joto. Kisha, mbele yake, litazame jiwe kwa lenzi na upige picha kidoa chake au namba yake.