Moyo wa plastiki wa kufundishia: vyumba safi, mishipa wamechemka

Wadau mnaofundisha baiolojia au mnaosomesha manesi, naongelea ule moyo mkubwa wa plastiki unaofunguka mbele, unakaa kwenye stendi, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara na huko mitandaoni pia upo kibao. Sio ule mdogo wa saizi ya ngumi, ule hata ukiununua watakaoona kitu ni wale wa benchi la mbele tu, wa nyuma wanabaki kuitikia ndio mwalimu ndio mwalimu. Mimi nautumia kwa wanafunzi wa unesi mwaka wa kwanza na kiukweli naupa nyota tatu na nusu, ningeupa nne ila subiri.

Kwanza vyumba. Hapo wamefanya kazi. Ukitoa kile kipande cha mbele kinachoshikwa na sumaku unaona vyote vinne, atria mbili juu zina kuta nyembamba, ventrikali mbili chini, na ukuta wa ventrikali ya kushoto wameuweka mnene kama mara tatu ya wa kulia, ndivyo ulivyo kweli. Mwanafunzi anaweka kidole gumba huku na huku anahisi tofauti mwenyewe, na lazima aulize kwa nini, sasa hapo ndo somo linaanza. Wengi wanadhani kushoto kunatoa damu nyingi zaidi, hapana, pande zote mbili zinatoa kiasi kilekile, kama lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia, maana damu inazunguka, ikizidi upande mmoja ingerundikana mwingine. Kinachotofautiana ni presha. Kulia anasukuma hadi mapafuni tu hapo jirani, presha inapanda kama 25 hivi, kushoto anasukuma kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu, ile 120 ya juu tunayosoma kwenye mashine mkononi ni kazi yake. Kwa hiyo unene ule una sababu, na moyo huu unakuwezesha kuielezea bila kuchora ubaoni.

Vali, yaani milango ya damu, nazo zipo, ya kulia ina vipande vitatu, ya kushoto viwili, na zile nyuzi za chini wamezitengeneza vizuri tu. Shida zimeganda, hazichezi, sasa mwanafunzi akiona nyuzi anaamini kazi yake ni kuvuta mlango ufunguke. Sio hivyo jamani, vali inafunguliwa na kufungwa na msukumo wa damu yenyewe, nyuzi zinazuia tu isipinduke kurudi juu kwenye atria pale ventrikali inapobana. Na ule mlio wa lab-dab unaosikia kwenye stetoskopu unatokana na vali kufunga, sio kufungua. Haya yote ni ya mdomo, plastiki haikusaidii.

Sasa mishipa, hapa ndo wamenikera. Aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, na vena kubwa zinazoirudisha, zote unene mmoja, ngumu, duara safi, tofauti ni rangi tu, nyekundu na bluu. Aota halisi ina ukuta mnene unaovutika, unatanuka moyo ukisukuma halafu unarudi na kuendelea kuisogeza damu mbele, vena ni laini ikiwa tupu inalala kama soksi. Halafu ile bluu, kila mwaka kuna mtu anaondoka akiamini ana damu ya bluu, wakati isiyo na oksijeni ni nyekundu iliyoiva tu. Angalau huu mkubwa ateri ya mapafu wameipaka bluu, niliwahi kuazima ule mdogo wakawa wamepaka ateri zote nyekundu! Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, haijalishi umebeba damu gani, na hapo ndipo wanafunzi wanapoanguka mtihani.

Mishipa inayoulisha moyo wenyewe inaonekana poa kwa nje, imetuna, unaifuata kwa kidole. Ila matundu yake mawili pale juu tu ya vali ya aota hawakuyatoboa, sasa mtu anauliza hii inaanzia wapi, unabaki kunyoosha kidole kwenye plastiki isiyo na tundu. Na ni kitu muhimu mno, maana ikiziba hiyo ndo shambulio la moyo, kuta zile nene hazishibi kwa damu inayopita ndani.

Ushauri wangu, ununue ila siku ya pili leta moyo wa mbuzi. Wa ng'ombe buchani mara nyingi umeshachanwa, mkaguzi wa nyama anaukata akitafuta viluwiluwi vya tegu, na mishipa ya juu wanaitoa, kwa hiyo ongea mapema na mtu wa machinjioni akuachie wa mbuzi na aota yake ndefu kidogo. Mimina maji kwenye aota taratibu, utaona vile vifuko vitatu vya vali ya aota vinajaa na kujifunga, maji yanasimama. Darasa zima linanyamaza aisee, na mwenye kichefuchefu atatoka nje arudi baadae.

Kingine, stendi inausimamisha wima, wakati kifuani umelala kimshazari, ncha inaelekea kushoto chini, na ventrikali ya kulia ndo iko mbele zaidi. Mimi nautoa kwenye stendi nauweka kifuani kwa mwanafunzi.

Bei zinapishana sana duka hadi duka, zunguka kwanza. Kabla hujalipa ufungue, tikisa uone sumaku inashika, na hesabu vena za mapafu kwa nyuma, ziwe nne, mbili kila upande, zikiwa mbili tu rudisha.